Marehemu Anauliza Koti Lake

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeharibika kabla ya saa nne. Dada kaja dukani uso unang'aa. Miezi minne sijauona uso ule. Nikaweka pasi chini. Akasema amezungumza na mumewe.

Mumewe tulimzika Novemba.

Nikamuuliza kwa upole kama amekula. Akasema amekula, hana homa, na nisimtazame hivyo. Kumbe kuna mwanamke nyuma ya posta anaitwa Mama Mjumbe. Hukaa nyuma ya pazia jeupe na kuwasemea marehemu. Hakuna amwonaye uso. Mfiwa analeta swali, marehemu analeta jibu, bahasha inabaki mezani. Dada ameshakwenda mara sita! Kila Jumamosi, mimi najua yuko sokoni.

Eti shemeji hajambo. Eti mgongo umeacha kumsumbua. Eti bado anacheka akikumbuka siku aliyokwama chini ya sinki la mwalimu mkuu. (Shemeji alikuwa fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Injinia.)

Hapo nikasita. Habari ya sinki hawezi kuijua mpita njia. Tunaijua watu wanne: shemeji, Dada, mwalimu mkuu, na mimi niliyemvuta miguu. Kuna mtu anauza siri za familia yetu!

Nikamwambia Dada waziwazi kwamba ni utapeli. Mtu aliyefiwa ni mlango usio na kitasa, kila tapeli anasukuma tu. Akanisikiliza hadi mwisho, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, akasema kuna kitu kingine. Shemeji anasikia baridi. Anauliza koti lake liko wapi.

Nimeunguza shati la mteja.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Niandike ukweli hapa, maana daftari ni la kwangu na kabati lina kufuli.

Koti ninalo mimi.

La kijivu, bitana laini, vifungo vya pembe. Shemeji alilileta mwenyewe, asubuhi ya siku aliyofariki. Lina doa la rangi ya kijani kwenye kiwiko. Alisema atalipitia jioni. Saa nane mchana moyo wake ukasimama, yuko kazini, bomba la watu mkononi. Jioni yake haikufika.

Sikuliiba. Nimelitunza. Koti lisilovaliwa linaliwa na nondo, hilo ni jambo la kitaalamu. Nimelivaa mara tisa, zote tisa kwa sababu ya nondo. Kusema kweli linanikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye, Mungu amrehemu. Dada alilitafuta kwenye kabati zima baada ya msiba. Nilimsaidia kutafuta.

Doa tu ndilo lililonishinda. Miaka ishirini na sita ya udobi! Nimejaribu mafuta ya taa, siki, chumvi, sabuni ya mche. Halitoki. Aibu tupu.

Na doa hilo lina kisa. Usiku wa kuamkia siku ile shemeji aliupaka mlango wa jikoni rangi ya kijani bila kumuuliza Dada. Dada alipoamka akasema unafanana na mlango wa choo cha stesheni. Maneno yakazidi. Mwisho akamwambia aende zake, na akirudi asimsemeshe. Shemeji akachukua koti, akatoka kimya.

Hilo ndilo linalompeleka Dada kwa yule mama. Mgongo na sinki ni vya juu juu. Kila Jumamosi anauliza swali moja: aliondoka na hasira? Na kila Jumamosi Mama Mjumbe halijibu hilo. Mengine yote anajibu, hilo anaruka! Inatia shaka. Tapeli mzuri angelijibu la kwanza.

Nimeamua kumuumbua. Kwa ajili ya Dada. Koti halihusiki.

Jumatano, 5 Machi

Washukiwa wawili.

Wa kwanza: Kinyozi wa mlango wa pili. Mdomo wake hauna breki. Mtu akikaa kwenye kiti chake dakika kumi anatoka anajua ndoa za mtaa mzima. Isitoshe tuna ugomvi wa benchi. Benchi ni langu, yeye anasema liko upande wake. Pia anamsalimia Dada kwa sauti laini kupita kiasi.

Wa pili: Wifi, yaani dada wa marehemu. Tangu msibani ananitazama kwa jicho la pembeni, na kila akija anauliza kuhusu koti.

Mtego nimeubuni mwenyewe. Kila mshukiwa apewe uongo wake. Uongo utakaotokea nyuma ya pazia ndio utakaomtaja aliyeupeleka. Akili hii ningezaliwa kwingine ningekuwa mpelelezi.

Kinyozi: ataambiwa shemeji alikuwa anaogopa bata. Wifi: ataambiwa shemeji alijiunga na kwaya kwa siri miezi mitatu, akafukuzwa kwa sauti.

Kabla ya kutega nikataka kujaribu kama hadithi hizi zinaaminika. Bahati nzuri leo ni siku ya Mama Mwavuli. Huyu ndiye mteja wangu bora. Kila Jumatano analeta furushi la vitambaa vyeupe, vikubwa kwa vidogo, tangu mwaka juzi. Mwavuli hauachi hata jua likiwaka. Anakaa kwenye kigoda, mikono juu ya mpini, anasubiri nipige pasi vya wiki iliyopita. Hasemi. Anasikiliza! "Kumbe." "Pole." "Ikawaje?" Basi. Hivyo vitatu tu, lakini anavisema mahali pake. Katika dunia ya watu wanaokukatiza, huyu ni zawadi.

Nikamsimulia bata. Akasema kumbe. Nikamsimulia kwaya. Akasema pole. Zinaaminika zote mbili!

Nikapiga chapa vitambaa vyake vipya. Mimi kila kitambaa ninakiandika namba ya mteja pembeni mwa pindo, kwa wino usiotoka, na nukta chini yake. Mama Mwavuli ni 41. Dobi wengine wanabandika karatasi, ndiyo maana wanapoteza shuka za watu. Nne yangu inafanana na kiti kilichopinduliwa. Ukiiona popote duniani utajua ni ya nani.

Mchana nikamwambia Kinyozi bata. Jioni nikamwambia Wifi kwaya. Alinitazama kwa jicho lile lile.

Jumamosi, 8 Machi

Dada karudi kutoka nyuma ya posta. Nikajifanya nakunja shuka. Nikamuuliza kwa uzembe kama shemeji kasema chochote kipya.

Kasema. Eti kule aliko hakuna bata, amestarehe.

Kinyozi! Nilijua! Nikataka kutoka mbio nikamkabe. Dada akaendelea. Eti pia ameruhusiwa kuimba, na hakuna anayemfukuza.

Nikakaa kwenye beseni. Lilikuwa na maji.

Wote wawili! Kinyozi na Wifi wako kitu kimoja. Hili ni genge. Sasa naelewa kwa nini Wifi hunyoa mwanawe pale.

Dada alinitazama kwa muda mrefu, akauliza kama mimi niliwahi kumwona mumewe akiogopa bata. Nikasema kila mtu ana siri zake. Akasema ndiyo, hilo ameanza kuliona.

Jumatatu, 10 Machi

Kisasi. Taulo za Kinyozi nazifua mimi. Leo nimezitia wanga wa mashati, vikombe sita. Zimekauka zikasimama zenyewe. Moja niliiegemeza ukutani ikabaki wima kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mteja wake wa kwanza alifutwa shingo akapiga yowe, nimelisikia mpaka kwangu. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Saa kumi nikaenda kunyolewa. Nilikuwa nimesahau kwamba nanyolewa kwake.

Kaninyoa upande mmoja tu, polepole, kwa adabu zote. Kisha akasema kachoka, mkono umekauka, labda ni wanga. Akanikaribisha tena mwezi ujao. Wateja wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi langu. Hakuna aliyeficha meno.

Nimenunua kofia.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimekwenda mwenyewe. Nilimwambia Dada nataka kumsindikiza, kwamba labda nimemhukumu yule mama haraka. Akasema haya, mdogo wangu, lakini kofia uvue ndani. Sikuvua.

Chumba kidogo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutengeneza viatu. Saa tano asubuhi lakini dirisha limefunikwa. Viti viwili, meza, kitambaa cheupe, bilauri ya maji. Mbele yetu pazia jeupe kutoka dari hadi sakafu. Nyuma ya pazia mtu akapumua.

Nilikuwa nimejipanga. Naamini nini? Siamini chochote. Kiti changu tu nilikisogeza karibu na cha Dada.

Sauti ikatoka, nzito, ya kukwaruza. Ikamsalimia Dada. Dada akaanza kuzungumza. Sikutegemea yale. Nilidhani ataomba miujiza. Akamweleza mumewe kwamba bomba la uani linavuja tena. Kwamba viatu vyake bado viko chini ya kitanda, kimoja kimelala kama alivyokiacha. Kwamba ameanza kupika chai ya mtu mmoja na kila siku inabaki. Robo saa nzima. Nikatazama kofia, halafu nikakumbuka iko kichwani.

Mwisho akauliza lile swali lake. Siku ile, uliondoka na hasira?

Maji kwenye bilauri yalitulia kabisa. Kisha sauti ikasema hilo bado halijafika. Ila marehemu anauliza koti.

Niliruka. Kiti kikaanguka, nikaanguka nacho, kofia ikabingirika, kichwa changu cha nusu nusu kikabaki wazi mbele ya ulimwengu wa roho. Uso wangu ulitua kwenye pindo la pazia.

Na pale, inchi mbili kutoka puani pangu: namba. Wino wa bluu. Moja, na pembeni yake kiti kilichopinduliwa. Nukta chini.

41.

Na harufu niliijua. Wanga wangu.

Niliinuka. Dada alinipa kofia. Njia nzima aliniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nimeumia.

Jumatano, 19 Machi

Siku nne nimeandaa hotuba. Ina kurasa mbili. Nimeijaribu mbele ya pasi.

Mama Mwavuli kaingia na furushi lake, kakaa kwenye kigoda. Nikafunga mlango. Nikaanza: Wewe mwanamke mnyonya machozi ya wajane! Akasema kumbe. Nikasema safari hii hakuna kumbe! Nikafungua furushi, nikalitoa pazia, nikamwonyesha namba. Akaitazama. Akasema nne yangu ni mbaya, amekuwa akitaka kuniambia tangu mwaka juzi.

Kisha akazungumza! Sentensi nzima nzima! Ile sauti ya kukwaruza ni yake, ndiyo maana haitumii ovyo. Akasema yote nimempa mimi. Sinki nimempa mimi, nikipiga pasi. Mgongo nimempa mimi, nikinyunyizia nguo maji. Bata nimempa mimi, kwaya nimempa mimi. Hata baridi: nilimwambia mwenyewe kwamba shemeji hakuwa mtu wa kutoka bila koti, na kila nikilitaja koti nakohoa. Akataka kujua kikohozi kile ni cha nini.

Nikakohoa.

Nikatishia kumwambia Dada kila kitu. Akasema niende nikamwambie, hakuna anayenizuia, na Dada akiuliza mama yule alijulia wapi habari zetu, mimi nitajibu nini? Nikaangalia ukurasa wa pili wa hotuba.

Basi nikamuuliza lililokuwa linanikera: kwa nini swali lile moja hajibu? Neno moja tu, "sikukasirika," na Dada angembebea bahasha mbili mbili. Akafungua mwavuli kidogo, akaufunga. Akasema mengine yote ni porojo, mtu anakwenda nayo nyumbani inampa joto kidogo, lakini lile halibahatishwi. Lile mtu ataishi ndani yake. Sijui niamini. Tapeli mwenye mpaka ni tapeli bado. Nimemwambia hivyo. Akasema ndiyo.

Akaniuliza: si wewe uliyemwona mwisho? Alikuwaje?

Nikafungua mdomo. Nilikuwa namsimulia shemeji habari ya benchi. Asubuhi ile. Jinsi Kinyozi alivyolivuta hatua mbili upande wake. Shemeji alisimama hapo hapo kwenye meza, koti mkononi. Alifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa sijamaliza.

Mama Mwavuli akasema pole. Nikamwambia anyamaze.

Alhamisi, 20 Machi

Kopo!

Kila nguo ikiingia naitoa vya mfukoni, navifunga kwenye karatasi, naandika namba ya tiketi, natia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Hiyo ni kanuni. Vya mfukoni sivisomi, hiyo ni kanuni ya pili. La shemeji ni 17. Miezi minne sijaigusa 17. Nilijiambia ni kwa sababu ya kanuni ya pili.

Leo nimeigusa. Ndani: kipande cha uzi wa kukazia mabomba, peremende moja, na risiti ya duka la vifaa vya ujenzi. Tarehe ya siku ile ile. Rangi nyeupe ya mlango, kopo moja. Imelipiwa. Atachukua jioni.

Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa.

Yaani alitoka kwa Dada kimya, akaenda moja kwa moja kununua rangi nyeupe. Halafu akaja kwangu atolewe doa. Halafu kazini. Mtu mwenye hasira haendi kununua rangi nyeupe!

Nikafunga duka, nikaenda. Muuza duka kashusha kopo kutoka rafu ya juu, lina vumbi la kidole kizima. Kwenye mfuniko kumeandikwa kwa chaki: INJINIA, JIONI. Akalalamika kwamba Injinia siku hizi haonekani, nimwambie kopo linamzibia nafasi. Nikamwambia amefariki. Akavua miwani, akalifuta kopo vumbi kwa mkono wa shati lake mwenyewe.

Nimelibeba hadi kona ya nyumba ya Dada. Pale nikasimama. Atauliza risiti imetoka wapi. Mfukoni. Mfuko wa nini? Wa koti. Koti liko wapi?

Nikarudi na kopo.

Lakini akili haikulala! Shemeji mwenyewe atasema. Nimepanda hadi juu ya duka la viatu, nikampa Mama Mwavuli risiti na karatasi ya maelekezo: Jumamosi marehemu atangaze habari ya rangi, kwa upole, kisha amalizie kwamba koti anamwachia shemeji yake kama kumbukumbu, na lisidaiwe na mtu yeyote, hasa Wifi. Dada atapona, koti litabaki, hakuna atakayeaibika. Utapeli huu ni wa heri.

Akaisoma hadi chini. Akasema kumbe. Yaani amekubali.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Nilivaa koti. Juu yake nikavaa la mvua, hadi ruhusa itoke. Kopo la rangi nikalitia kwenye mfuko. Jua kali, jasho linanitiririka. Dada akauliza kama naumwa. Nikasema natarajia mvua.

Tukakaa. Dada akazungumza, bomba, viatu, chai. Akauliza swali lake. Nikakohoa kumpa ishara mjumbe. Nikakohoa tena.

Pazia likavutwa.

Mama Mwavuli huyo hapo, kwenye kiti cha plastiki, miwani ya kusomea, risiti mkononi. Akasema leo marehemu hana mjumbe. Habari anayo ndugu yako, na amekuwa nayo siku zote. Akaniwekea risiti mapajani.

Msaliti!

Nilitegemea Dada apige kelele kumwona. Wala. Akamsalimia tu, akasema humwona dukani kwangu kila akipita Jumatano. Akasema alijua tangu siku ya bata. Kumbe shemeji alifuga bata utotoni, na hadi ukubwani alikuwa akisimama njiani kuwasalimu. Uongo ule, Dada akasema, fundi wake ni mmoja tu ninayemjua. Akanitazama.

Nikamuuliza, kwa ukali kidogo maana nilikuwa nimeaibika, sasa kama alijua, alirudi hapa kufanya nini?

Akasema mimi kila akimtaja mumewe namuuliza kama amekula. Wifi yake analia, inabidi amnyamazishe yeye. Majirani wanasema ashukuru Mungu, yamekwisha. Hapa ndipo pekee anaweza kutaja jina lake robo saa nzima bila mtu kubadilisha mazungumzo. Hata kama nyuma ya pazia hakuna kitu. Anayesikiliza yupo.

Mama Mwavuli akaangalia sakafu. Sikumwona akifurahi.

Basi nikampa risiti. Nikampa kopo. Dada alisoma risiti, akasoma tarehe. Akapitisha kidole juu ya chaki, polepole, asifute. Injinia, jioni. Hakulia. Alitoa pumzi moja ndefu, kama mtu anayeweka chini ndoo mbili alizobeba kutoka mbali.

Halafu akauliza ilikuwa mfuko gani.

Nikavua koti la mvua.

Sitasahau uso ule. Nikasema nondo. Nikaeleza nondo kwa kirefu. Akanyoosha mkono, nikavua la pili, akalichukua, akauzika uso wake ndani. Akakaa hivyo. Alipoinua uso akasema: umelifua.

Nikasema mara tatu! Kwa mikono! Nilidhani ananisifu. Kisha nikaelewa alikuwa anatafuta nini ndani ya lile koti, na kwamba nilikuwa nimelitoa kwa sabuni ya mche na kulisuuza mara tatu.

Nikaokota koti langu la mvua, nikalikunja mara nne.

Akaligeuza. Akakuta kiwiko. Doa la kijani. Nikaanza kuomba radhi, kwamba doa hilo limenishinda, kwamba nimejaribu siki, nimejaribu mafuta ya taa. Akalifunika kwa kiganja chake, akaniambia nisithubutu tena kuligusa.

Akauliza kama alisema chochote asubuhi ile. Nikakiri kwamba nilikuwa nasema mimi. Habari ya benchi. Akauliza alikaa muda gani. Nikasema hadi mwisho, kama dakika ishirini. Akatabasamu! Akasema basi hakuwa na hasira. Mwenye hasira angeondoka kwenye hatua ya kwanza ya benchi.

Mama Mwavuli akairudisha bahasha, akamsogezea Dada mezani. Ya leo. Zile nane nyingine hakuzitaja, nimeliona hilo.

Jumatano, 26 Machi

Nimetulia. Mtu anajifunza. Mimi nimejifunza mengi sana mwezi huu na naweza kuyafundisha.

Nilipita kwa Dada asubuhi. Mlango bado wa kijani. Kopo jeupe liko chini yake, halijafunguliwa, chaki inaonekana. Koti liko kwenye msumari. Nikamuuliza atapaka lini. Akasema mlango mbona mzuri. Nikakaa nisikilize akinisimulia habari za shemeji, nimeahidi kufanya hivyo kila wiki. Nilisikiliza dakika nne kamili. Kisha nikakumbuka habari ya benchi, ikabidi nimpe. Kinyozi amelisogeza tena!

Dukani kuna suti ya bluu, tiketi 23. Mwenyewe hajaja wiki ya tatu. Kitambaa kizuri, nondo wanakipenda sana. Suruali inanikaa. Nimeuliza mtaani, kwa upole, kama jamaa ni mzima. Mzima. Bado nauliza.

Mama Mwavuli kaja kama kawaida. Nilikuwa nimeapa nisimsemeshe. Lakini akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya mpini, akaniuliza nimeshindaje. Hakuna mwingine aliyeniuliza leo. Na kazi ya pazia ameiacha, nina hakika. Mtu aliyerudisha bahasha hawezi kurudi nyuma. Nikamweleza kidogo tu: kwamba mama yake Kinyozi amefariki wiki iliyopita, kwamba jamaa anaficha machozi kwa taulo, kwamba marehemu alikuwa akimwita kwa jina la utotoni, kwamba alikuwa na kovu la jiko mkono wa kushoto na alipenda redio ya asubuhi.

Akasema kumbe. Akasema pole. Akasema, ikawaje?

Furushi lake nimelifungua baada ya kuondoka. Vitambaa vya meza viwili, na pazia namba 41. Limechafuka pindoni. Nadhani anataka kulihifadhi likiwa safi. Nimelitia wanga wa ziada.